Miezi 14 na tagi za RFID kwenye stoo ya vifaa vya harusi

Nakodisha vifaa vya sherehe Tabata, Dar es Salaam, huu ni mwaka wa 9. Viti, meza, vitambaa, kava, vyombo vya bufe, maturubai. Desemba ya mwaka juzi tulifunga stoo siku mbili tukahesabu kila kitu. Daftari lilisema vitambaa vya meza ni 640. Tulivyovishika kwa mkono vilikuwa 557. Vitambaa 83 vimekwenda ndani ya mwaka mmoja, na kimoja cha meza ya duara, kile kinachofika chini, kinanigharimu shilingi 18,000 mpaka kitoke kwa fundi.

Mwaka ule mzima nilikuwa na utaratibu mmoja tu wa kuzuia upotevu: kikikosekana kitambaa, kijana aliyepeleka mzigo anakatwa 5,000. Nilikata jumla ya 265,000 kwa vijana watatu. Na bado vilipotea.

Habari ya tagi nilipewa na mdogo wangu aliyeko Dubai, anafanya kazi mahali wanapofua mashuka ya mahoteli. Aliniambia kila shuka ina kitu kidogo kimeshonewa ndani ya pindo, toroli la nguo chafu linasukumwa kupita mlangoni, na kompyuta inataja shuka ni ngapi na ni za hoteli ipi, bila mtu kugusa hata moja. Nikamwambia, hilo ndilo tatizo langu hasa. Baada ya miezi miwili nilikuwa nimeshanunua.

Nilichonunua ni skana ya mkononi ya RFID (yaani ya kutambua vitu kwa mawimbi ya redio) kutoka China, yenye mshikio kama wa bastola, simu inakaa juu yake na kuunganishwa kwa blututhi: 1,650,000. Tagi za kushonea kwenye nguo 600, kwa 1,300 kila moja. Tagi ngumu za plastiki 400 kwa ajili ya viti vya dhahabu, 900 kila moja. Tagi za kubandika kwenye chuma 60 kwa vyombo vya bufe, 3,500 kila moja. Fundi cherehani alichukua 200 kwa kila kitambaa. Jumla yake ni 3,120,000. (Vitambaa nilivyokuwa navyo ni 557, nikaongeza 43 vipya ili nianze na hesabu kamili ya 600.)

Nieleze kwanza kitu chenyewe, kwa sababu muuzaji wangu alinielezea vibaya. Tagi hizi hazina betri. Ndani kuna chipu ndogo kuliko punje ya mchele na antena nyembamba. Skana inatoa mawimbi ya redio, antena ya tagi inayanasa, nguvu hiyo hiyo inaiamsha chipu, nayo inajibu kwa kutaja namba yake. Kila tagi ina namba yake peke yake. Hapo ndipo zinapoachana na ile mistari myeusi ya dukani, ambayo kwa kawaida inakwambia hiki ni kitambaa cheupe cha duara na basi. Tagi inakwambia hiki ni kitambaa namba 214, kilitoka Ijumaa, kimeenda Kimara. Halafu huhitaji kukikunjua wala kukiona. Gunia la vitambaa 120 vikavu nalisoma kwa kulizunguka mara moja, sekunde chache, ndani ya mita mbili tatu.

Muuzaji aliniambia, "Ukiibiwa, mama, utaona kwenye ramani." Si kweli. Tagi isiyo na betri haijui iko wapi na haitumi habari popote. Ikiwa mbali na skana ni kama kipande cha plastiki tu. Kama mtu anakuuzia kwa ahadi ya ramani, ondoka hapo.

Kwenye vitambaa, kazi ni nzuri sana. Karatasi iliyokuja na tagi ilisema zinavumilia kufuliwa mara 200 pamoja na joto la pasi. Mara 200 sijazifikisha, ila kwa miezi 14 ya kufuliwa karibu kila wiki, zilizokufa kwenye 600 ni 20. Katika hizo, 9 zilikufa siku ile ile ya kushonwa, kwa sababu fundi alipitisha sindano juu ya antena. Mwambie fundi wako mapema: ashone kijifuko kwenye pindo, karibu na kona, tagi ikae ndani, sindano isiiguse. Usiiweke katikati ya kitambaa, itaonekana kwenye picha za harusi na itakuwa inapigwa pasi moja kwa moja.

Kilichonishinda ni maji. Masika yaliyopita tulitoa vifaa kwenye msiba Kinyerezi, mvua ikanyesha usiku kucha, vitambaa vikarudi vimelowa chapachapa kwenye magunia. Vilitoka 120. Skana ikasoma 71. Nilisoma mara nne, nikapandisha nguvu hadi mwisho, 71, 74, 71. Moyo ulienda mbio. Tulivianika, kesho yake mchana nikasoma tena: 120. Maji yanameza mawimbi haya, na kitambaa kilichojaa maji kinazifunika tagi zilizo katikati ya gunia. Tangu siku hiyo sheria ya stoo ni kwamba mzigo ukirudi umelowa, hakuna mtu anayeulizwa kitu mpaka ukauke.

Chuma ndiyo balaa kubwa zaidi. Tagi ya kawaida ukiibandika kwenye sufuria haisomeki kabisa, chuma kinarudisha mawimbi na kuivuruga antena. Ndiyo maana zipo tagi za chuma, nene kidogo, zenye kitu katikati kinachoitenga antena na chuma. Zinasoma, ila kwangu ni hatua moja tu, mita moja ukibahatika. Vyombo vya bufe vikishaingizwa kimoja ndani ya kingine, visahau. Na gundi haikuvumilia maji ya moto: kati ya 60 zimebanduka 22. Masufuria makubwa sikujaribu hata moja, maana yanapikiwa kwa kuni na hakuna tagi ya bei yangu itakayobaki hai kwenye moto ule. Masufuria yangu yamegongwa namba kwa patasi na fundi wa bati, na hiyo inatosha. Vijiko na uma napima kwa mizani. Nilipima 100, nikaandika uzito, basi. Mzigo ukirudi unapanda kwenye mizani na ndani ya dakika moja unajua. Kwa vijiko sitabadilisha njia hiyo.

Viti vina ujanja wake. Viti vya dhahabu vinapangwa kimoja juu ya kingine, na kama tagi zote umezifunga mahali pamoja, zinakaa zimefuatana karibu karibu na kuzimana. Mwanzoni kwenye safu ya viti 10 nilikuwa nasoma 6 au 7. Kijana wangu wa stoo ndiye aliyepata dawa: mguu wa kushoto, wa kulia, kisha mgongoni, kwa zamu. Sasa safu inasomeka yote. Viti vyeupe vya plastiki sijavifunga tagi. Ninavyo 800, kimoja nakikodisha kwa 500, na vinavunjika kabla havijapotea.

Jambo jingine ambalo hakuna aliyeniambia: mawimbi hayaheshimu ukuta. Wiki za kwanza skana ilikuwa inaniambia mzigo wa Segerea umerudi wote, kumbe imesoma vitambaa vilivyokuwa chumba cha nyuma, ng'ambo ya tofali. Lazima upunguze nguvu ya skana unapopokea mzigo. Yangu inapanda hadi 30, mimi napokelea kwenye 18, na mlangoni tumechora mstari sakafuni: kinachosomwa kinasomwa nje ya mstari. Ikiwa stoo yako ni chumba kimoja kidogo, hili litakusumbua kuliko mengine yote.

Skana pia ilikuja imewekwa kwa masafa ya Marekani, 902 hadi 928 megahezi. Fundi aliyenisaidia alishtuka, kwa sababu simu za GSM 900 zinatumia 880 hadi 915 kupeleka mawasiliano mnarani, kwa hiyo tungekuwa tunapiga kelele juu ya simu za majirani. Akaibadili kwenda masafa ya Ulaya, 865 hadi 868. Na kwa kuwa ni kifaa cha redio, mwulize muuzaji kama kina idhini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kabla hujatoa pesa. Mimi niliuliza baada ya kulipa, nikahangaika wiki tatu.

Programu iliyokuja na skana ilikuwa ya ovyo. Ilitaka intaneti muda wote. Jumamosi moja umeme ulikatika, mtandao ukafa, na kila tulichosoma tangu asubuhi kikapotea, harusi tatu. Nilimpigia muuzaji, akaniambia nizime simu niwashe. Sasa kuna kijana mtaani kwetu amenitengenezea programu ndogo, namlipa 40,000 kwa mwezi. Ina orodha tatu tu: kimetoka, kimerudi, hakijarudi. Inafanya kazi bila mtandao na kupeleka kumbukumbu ukirudi. Kama ningejua, ningetafuta programu kwanza, skana baadaye.

Sasa nieleze kile ambacho tagi zilinionyesha.

Tulikuwa tunasoma sehemu nne: mzigo ukitoka stoo, ukitoka ukumbini, ukienda kwa dobi, ukirudi kutoka kwa dobi. Miezi mitatu ya kwanza vilikosekana vitambaa 38. Nilipoangalia vilikosekana kati ya wapi na wapi, nilikaa chini. Vitambaa 31 vilitoka ukumbini salama, vikaingia kwa dobi, havikurudi. Vijana wangu waliovibeba kutoka harusini walivileta vyote.

Dobi mwenyewe ni mtu mwaminifu, nimefanya naye kazi miaka 6. Anafulia wakodishaji watatu. Vitambaa vyeupe anavifua pamoja, anavikunja pamoja, anagawa kwa hesabu. Ukipeleka 90 unarudishiwa 90, au 87, ila si lazima viwe vyako. Nilimwendea mwenzangu mmoja wa Ukonga ambaye naye anafuliwa hapo, nikamweleza, akanifungulia stoo yake bila neno. Nilipita na skana mbele ya rafu zake. Ilisoma 26 vyangu. Tulipovitoa tukaona na vingine visivyo na tagi ambavyo pindo lake limeshonwa kwa uzi wa bluu, na uzi wa bluu ni wa fundi wangu, tangu zamani. Hivyo vilikuwa 19, vya mwaka ule niliokuwa nakata watu mishahara. Stoo kwangu nako tukapata 14 vya kwake. Yeye naye alikuwa amemfukuza binti mmoja kazi.

Niliwarudishia vijana wawili pesa zao wiki hiyo hiyo. Wa tatu alishaondoka, anaendesha bodaboda Gongo la Mboto. Nilimfuata kijiweni kwake na bahasha ya 95,000. Akaipokea kwa mikono miwili, akasema, "Asante mama. Ila pesa haikuniuma kama yale maneno." Nilimwomba radhi pale pale, mbele ya wenzake, kwa sababu maneno yale niliyasema mbele ya watu.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kama mashine hii inakamata wezi, jibu langu ni kwamba kazi yake ni kukuonyesha kitu kilionekana wapi mara ya mwisho, na mikononi mwa nani. Wizi wa kweli haikunisaidia. Hotpoti mbili na boksi la riboni vilichukuliwa ukumbini Sinza, skana ikaniambia tu kwamba havipo. Sikuvipata.

Faida nyingine ni kwa wateja. Zamani ugomvi ulikuwa Jumatatu kwa simu: mimi nasema pungufu 6, mhazini wa kamati anasema tulikabidhi vyote, na pesa ya dhamana inakuwa vita. Sasa tunasoma pale pale ukumbini kabla mzigo haujapanda Kirikuu, mhazini amesimama pembeni anaangalia simu, tunamaliza na anasaini. Gari lenyewe ni la bati, ukishapakia ndani husomi kitu, kwa hiyo lazima iwe kabla. Kwenye kicheni pati moja Kimara vilipungua 6. Skana ina sehemu ya kutafuta, unachagua namba na inalia, ukikaribia inalia haraka zaidi. Ililia kuelekea maegesho, kwenye gari la shangazi wa bibi harusi. Nilizima, nikamwita mhazini kando, nikamwambia taratibu. Ikawa akina mama jikoni walifungia masufuria ya pilau kwenye vitambaa ili yasimwagike njiani. Vilitolewa, tukaagana vizuri, na mwezi wa 8 shangazi yule akaja kukodi kwa ajili ya komunyo ya mwanawe. Nawaomba wenzangu mlio na kifaa hiki: msikipeleke kwenye mkoba wala gari la mtu bila mwenye shughuli kujua. Mgeni wa harusi akionekana anapekuliwa, biashara yako imekwisha na heshima ya familia ile mmeivunja.

Kwa jenereta na spika mbili kubwa nilitaka kitu cha kuniambia viko wapi, nikaweka AirTag, kifaa kidogo cha Apple cha kufuatilia vitu. Hii ni kitu tofauti kabisa: ina betri ya CR2032 inayodumu karibu mwaka mmoja, inatoa mawimbi ya blututhi, na iPhone za watu wanaopita karibu ndizo zinazopeleka habari bila wenyewe kufanya lolote. Mikocheni na Masaki naona jenereta langu kila baada ya dakika chache. Lilipokwenda Kisarawe kwenye arobaini, lilinyamaza siku mbili, kwa sababu iPhone huko hazipiti nyingi. Pia ujue kwamba ikisafiri na mtu asiye mwenyewe, simu yake inaweza kumwonya. Ni ulinzi mzuri kwa watu wanaofuatiliwa bila kujua, nami naukubali, ila maana yake mwizi naye ataonywa. Kwa vitu vitatu inatosha. Kwa vitambaa 600 haiwezekani, si kwa bei wala kwa kubadilisha betri.

Hesabu ya pesa: mwaka wa kabla ya tagi nilipoteza vitambaa 83, yaani 1,494,000, bila kuhesabu kava na viti. Katika miezi 14 hii, baada ya kutoa vile tulivyovifuata na kuvipata, vilivyopotea moja kwa moja ni 7, yaani 126,000. Ongeza programu, 40,000 kila mwezi. Gharama zangu hazijarudi zote. Mtu mwenye vitambaa 100 asinunue skana ya milioni moja na nusu, ashone uzi wa rangi yake na ahesabu mlangoni. Kuanzia 300 hivi, na hasa kama dobi wako ana wateja wengine, nunua. Anza na vitambaa peke yake, tumia miezi mitatu, ndipo ufikirie viti. Ile milango ya antena ya kusimamisha, wanayokuonyesha kwenye video, iache kabisa mpaka uwe na ghala.

Mimi na mwenzangu wa Ukonga tumekubaliana. Yeye ameagiza tagi 350 zake, hanunui skana. Yangu inalala kwangu na kila Jumanne asubuhi inapelekwa kwa dobi. Dobi amepewa simu ya zamani ya mdogo wangu na amefundishwa kusoma mwenyewe, rafu tatu, kila mkodishaji na yake. Jumanne iliyopita alinitumia picha ya skrini: vimeingia 94, vimetoka 94, vyote vyangu.